Dishi Limeyumba Juu ya Nyumba Ndogo

Mpendwa Shangazi, naomba unisaidie kabla sijamvuta mtu miguu akaanguka kutoka juu ya paa, na paa lenyewe si la nyumba, ni la gari, na mtu mwenyewe ni mume wangu wa ndoa, na naandika mbiombio kwa sababu kikao cha ukoo ni Jumapili hii na mpaka sasa hatujachagua dishi.

Nianzie mbali kidogo ndiyo utanielewa. Mume wangu alikuwa dereva wa mabasi ya safari ndefu maisha yake yote ya kazi, mpaka mtaa mzima unamwita Dereva, na mimi nikiwemo, na mimi nilikuwa nashona mapazia na bado nashona kazi ikitokea. Ndoa yetu, Shangazi, ilikuwa ya kupishana mlangoni, yeye akiingia namwekea maji ya kuoga, akioga anakula, akila analala, akiamka anaondoka, na ukiniuliza tulikuwa tunaongea nini nitakwambia tulikuwa tunaongea habari za soksi. Sikulalamika, watoto walisoma, wakakua, wakaenda kwenye nyumba zao. Lakini kila akirudi alikuwa ananisimulia mambo yaleyale, kwamba kuna mji una mnara wa saa iliyokufa, na kuna ziwa linaonekana upande wa kulia ukiwa unashuka mlima, na kuna soko linauza maua matupu, na nikimuuliza hilo soko ndani likoje anasema hajui, amelipita tu. "Mama watoto," ananiambia, "nimepita kila mahali, sijashuka popote." Basi tukaahidiana akistaafu tutafute gari la kulala humohumo, twende polepole, na kila alipopita tushuke.

Kastaafu. Akanunua basi dogo lililochoka, akang'oa viti, akatia kitanda, jiko la gesi, sinki, na makabati ya kufunga kwa ndoano ili vikombe visiruke kwenye kona, na mimi nikashona pazia la kila dirisha, rangi ya majani mabichi, na utepe chini ili lisipeperuke. Ni zuri Shangazi, sijisifu. Ila jina ndilo balaa. Dereva analiita Nyumba Ndogo, kwa sababu tuna nyumba kubwa na hii ni ndogo, yeye akili yake imenyooka, hakuwaza mengine, na nilipomwambia baba, hilo jina libadilishe, akaniuliza, "Ni ndogo au si ndogo?" Sasa anawaaga wenzake kijiweni kwa sauti, "Jamani mimi naenda nyumba ndogo, mke wangu ameshatangulia," na wazee wanapaliwa na kahawa.

Sasa hilo dishi. Mimi nina tamthilia yangu ya jioni, ile ya mama tajiri aliyefichiwa mtoto, na sitaki kukudanganya, naipenda, na Dereva anasema ni upuuzi mtupu lakini akichelewa kukaa lazima aniulize, "Yule mwizi wa urithi ameshakamatwa?" Kwa hiyo tulikubaliana Nyumba Ndogo haitoki uani bila televisheni, na televisheni bila dishi ni kioo cha kujitazamia, tukamwita fundi dishi. Fundi huyu ana tumbo na anaogopa ngazi, anafanya kazi akiwa chini, anaelekeza kwa kidole, na anakubaliana na yeyote aliyemletea chai. Akatueleza kwamba madishi ya magari ni ya aina tatu. Kuna la kuba, unalifungia juu ya paa moja kwa moja, dishi lenyewe limefunikwa huko ndani na lina mota yake, linajitafutia mawimbi peke yake, hata gari likiwa linatembea aliyekaa nyuma anaona picha. Kuna linalojikunja, nalo linakaa juu ya paa limelala, mkishaegesha unabonyeza kitufe linaamka na kujielekeza, ila ukisahau kulilaza kabla ya kuondoka tawi la kwanza linaondoka nalo. Halafu kuna la miguu mitatu, dishi la kawaida tu, unalisimamisha chini kando ya gari, unavuta waya, na kila mnapofika unaanza upya kulizungusha mpaka likubali.

Mimi nikasema la kuba, maneno yaishe. Dereva akasema ngoja kwanza tufikirie. Sasa katika huko kufikiria, akaling'oa dishi la nyumba kubwa akalifunga kwa kamba juu ya paa la Nyumba Ndogo, eti la majaribio, na fundi akamwazima kipimo, kidude cha kushika mkononi ambacho dishi likipata mawimbi kinapiga mluzi, na ule si mluzi wa mchezo, jirani yetu ameshatoka mbio mara kadhaa kwenda kuepua birika lake.

Tangu hapo Shangazi kila jioni ni hivyo, yeye juu na dishi, mimi ndani na rimoti. "Imekuja?" "Bado!" "Na sasa?" "Bado, rudisha kidogo!" "Wapi, kulia?" "Kulia kwako au kulia kwangu?" "Kulia ni kulia, mama watoto!" "Mimi nimekupa mgongo!" "Basi geuka!" "Nikigeuka sioni televisheni!" "Haya, hapo je?" "Hapo! Hapohapo! Aaah, umeipita!" Mtaa mzima unatusikiliza, watoto wa jirani wameshaufanya mchezo wao, mmoja anapanda ukutani mwingine anapiga kelele bado. Na ingekuwa kuzungusha tu ningevumilia, lakini lile basi lina kidirisha cha hewa kwenye paa, na Dereva akishakaa huko juu na jua limepoa anasahau kazi iliyompandisha, anainama kwenye kidirisha ananiuliza mambo yasiyo na mbele wala nyuma. Siku moja kaniuliza kama yule mwalimu aliyekuwa ananitaka kabla yake bado yuko hai. Nikamwambia wewe zungusha dishi. Siku nyingine akaniambia kwamba siku ya kwanza alipokabidhiwa basi la abiria alikwenda nyuma ya gereji akalia, kwa woga, kwamba roho zote zile ziko mikononi mwake. Hajawahi kuniambia hilo. Tamthilia imeshaanza, mtu anakuambia alilia nyuma ya gereji, sasa nimjibu nini pale, nikamwambia pole, rudisha kushoto.

Nikachoka, nikamwita fundi, nikampikia chai nzito, akaleta la kuba tulijaribu. Tukaliweka juu. Likanguruma kidogo, likanyamaza, na picha hiyo, safi, hata yule mwizi wa urithi nilimwona ana kovu ambalo sikuwahi kuliona. Tukakaa kitandani tukatazama. Hakuna aliyesema kitu mpaka ikaisha. Dereva alikuwa anatazama mikono yake. Nikamuuliza vipi, akasema salama, na asubuhi akamwambia fundi achukue kuba lake, linanguruma, linamharibia usingizi. Shangazi, huyu ni mtu aliyelala miaka yote kando ya injini ya basi! Nilikasirika sijawahi kuona. Ingawa na mimi usiku ule usingizi haukuja vizuri, nadhani ilikuwa ile chai.

Basi akarudi juu na kamba zake. Na niseme na hili niwe nimesema yote, siku iliyofuata nilimfanyia kisirani kidogo, picha ilikuwa imeshakuja, msoma habari namwona hadi vifungo vya koti lake, kipimo nacho huko juu kinalia, naye akauliza, "Imekuja?" na mimi nikasema, "Bado." Sijui kwa nini. Akazungusha tena, ikapotea, akairudisha, akauliza tena, nikasema bado. Nilijiambia ule mluzi hakuusikia kwa upepo. Ni jambo dogo, sijui hata kwa nini naliandika, maana Dereva kwa masikio hajambo, anaweza kuwa bafuni anaoga gari la jirani likipita anapaza sauti, "Mwambieni huyo beringi ya nyuma inakwisha!" na kweli baada ya siku chache unaona gari limepandishwa jeki.

Sasa ndipo yakanifika. Asubuhi moja upepo ulilegeza kamba, dishi likawa linacheza, Dereva kapanda kulikamata hataki kushuka, jua linawaka, amejifunga shati kichwani, na mimi nikachukua simu nimtumie fundi ujumbe wa sauti. Nikasema hivi, na maneno nayakumbuka kwa sababu nimeyasikilizishwa mara nyingi sana tangu siku hiyo: "Kaka yangu, nakuomba uje sasa hivi, Dereva yuko nyumba ndogo tangu asubuhi, nimemwita mpaka sauti imekauka hataki kushuka, dishi limeyumba kabisa, naomba uje na spana kubwa, leo tumalizane." Nikatuma. Shangazi, sikutuma kwa fundi. Nilituma kwenye kundi la ukoo wao.

Na wewe unajua siku hizi mtu akisema fulani dishi limeyumba ana maana gani, ana maana akili zimehama. Kabla sijatia chumvi kwenye mboga getini kumejaa. Wifi yangu mkubwa, dada yake Dereva, mwanamke anayesimamia sherehe na misiba yote ya ukoo na ambaye hajawahi kukaa chini mpaka kila mtu amekaa alipomwelekeza, aliingia analia, akanikumbatia, "Pole wifi yangu, pole mama, yuko wapi huyo mwanamke?" Nikamuuliza mwanamke gani. "Huyo wa nyumba ndogo!" Nikaona la kufanya ni kuonyesha, nikanyoosha kidole, "Nyumba ndogo ile pale." Wote wakageuka. Na juu ya Nyumba Ndogo wakamwona kaka yao, shati kichwani, kifua wazi, amelikumbatia dishi kwa mikono miwili, na kwa kuwa hakuwaona akapaza sauti, "Imekuja?" Shemeji yangu, mdogo wake Dereva, alikuwa amekuja na kamba, mpaka leo sijui ya kumfunga nani. Wifi akafuta machozi, akasema taratibu, "Basi kumbe ni kweli. Limeyumba."

Nimeeleza mpaka mate yakanikauka. Habari ya mwanamke ameielewa na ameifuta. Habari ya akili hakuifuta. Aliingia kwenye basi, akakagua kitanda, akasifu mapazia, akatoka na funguo akazitia kwenye mkoba wake. "Mtu ana wajukuu," anasema, "anashinda juu ya gari lisilokwenda popote kwa ajili ya sahani? Mngekuwa wazima mngekuwa mmeshaondoka." Akatangaza kikao Jumapili, kwamba mimi na Dereva tusimame mbele ya watu tuseme kwa kauli moja ni dishi gani na tunaondoka lini, la sivyo gari apewe shemeji abebee wanafunzi, na shemeji ameshaanza kulizunguka anapima kwa macho viti vitakaa vingapi.

Dereva alilikaza dishi kwa kamba. Alishuka, akavaa shati, akanawa. Na jioni hakupanda. Tukakaa sebuleni kwenye nyumba kubwa, picha hakuna kwa sababu dishi liko kule uani, tunatazama kioo cheusi sisi wawili, na sikupata la kumwambia, wala yeye hakupata. Hapo ndipo nilipoogopa, Shangazi. Ninaogopa tutalipoteza gari, na ninaogopa tusipolipoteza tutakwenda mpaka kwenye lile ziwa tukakae hivihivi. Fundi anasema la kuba, nilimpa chai. Juzi kamwambia Dereva la miguu mitatu, naye alimpa chai. Niambie wewe, tuchague dishi gani, na uniambie ukweli, kati yangu na mume wangu ni la nani limeyumba?

Ni mimi,
Niliyeegeshwa Uani

*

Mwanangu Uliyeegeshwa Uani,

Nakuita mwanangu ingawa kwa hesabu ya barua yako huenda umenipita, lakini hapa kwenye safu hii wote ni wanangu, hata wenye wajukuu, na hasa wanaotuma ujumbe kabla ya kutazama wanamtumia nani. Nilipoisoma barua yako kwa sauti hapa ofisini mpiga chapa alilazimika kutoka nje. Nikaisoma tena peke yangu na safari hiyo sikucheka sana.

Tuanze na aibu ndogondogo tuziondoe njiani. Hilo jina likome leo. Najua mume wako ana akili iliyonyooka na najua basi ni dogo, lakini huwezi kuishi ukieleza jambo moja kwa kila mtu mnayeegesha jirani yake. Chukua kitambaa kilichobaki kwenye yale mapazia, ushone jina jipya, ulitundike mbele. Jina mtachagua wenyewe, mradi lisiwe na nyumba ndani yake wala udogo. Na kwenye simu yako, fundi dishi umwandike kwa herufi kubwa, mbali kabisa na ukoo.

Wifi yako nimempenda, usinikasirikie. Mwanamke aliyeacha shughuli zake akaja analia kukutetea wewe, wewe mke, dhidi ya kaka yake wa tumbo moja, huyo si wa kugombana naye, wengine wangelipa wapate wifi wa hivyo. Alikosea kuhusu mwanamke. Alikosea kuhusu akili. Lakini lile neno lake la mwisho ulilinukuu kwa hasira bila kulisikiliza: mngekuwa wazima mngekuwa mmeshaondoka. Nikuulize basi, mbona hamjaondoka? Kitanda kipo, jiko lipo, vikombe vimefungwa na ndoano, mapazia yana mpaka utepe. Barabara anazijua kuliko waliozichora. Mtu haachi kwenda kuuona mnara wa saa kwa sababu ya sahani. Mmebaki uani kwa sababu mnaogopa, wote wawili, na mnachoogopa umekiandika mwenyewe kwenye aya ya mwisho halafu ukakimbilia kuniuliza habari za fundi.

Mmekuwa mume na mke muda mrefu na mmefahamiana muda mfupi, hilo si kosa lenu, ndiyo kazi ilivyokuwa. Mlizoea kuachiana soksi. Sasa mnataka kwenda kukaa kwenye chumba kimoja chenye magurudumu, uso kwa uso, na kila mmoja anajiuliza moyoni, tutaongea nini? Ni woga wa kweli na sikucheki kwa huo. Ninachokucheka ni kwamba jibu lilikuwa linapiga kelele juu ya paa lako kila jioni, na wewe unaliambia lizungushe kushoto.

Mwanangu, yule mwanamume alikuambia alilia nyuma ya gereji! Amelibeba hilo kwenye usukani miaka yote, hakumwambia kondakta, hakumwambia mama yake, akaja kukuambia wewe kupitia kidirisha cha hewa, kwa sababu akiwa na dishi mkononi na wewe una rimoti hamtazamani, na mtu aliyezoea kutazama barabara huongea vizuri akiwa hatazamwi. Wewe ukamwambia pole, rudisha kushoto. Hapo ningekuwa karibu ningekufinya. Na yule mwalimu je? Umefikiri anataka kujua afya ya mwalimu? Anataka kujua kama unajuta. Hilo unamjibu kabla ya Jumapili, na umjibu vizuri.

Sasa turudi kwenye dishi, maana uliniuliza dishi na mimi sikwepi. Linalojikunja lifute. Mume wako ameendesha mabasi, anajua kimo cha kila daraja, lakini ni binadamu, ipo asubuhi atasahau, na mtakuwa mnaokota vipande barabarani huku mnalaumiana. La kuba ni zuri. Linafaa watu wenye haraka, wenye watoto wa kunyamazishwa nyuma, watu wanaotazama wakienda. Ninyi mnakwenda kushuka. Yeye amepita kila mahali akiwa anakwenda, wewe unataka kumfungia dishi la kutazama mkiwa mnakwenda? Halafu fikiria kiufundi kidogo, fundi wako angekuambia kama asingekuwa anafikiria sukari kwenye chai: dishi la paani linakaa pale gari lilipo. Mkitaka kivuli cha miti, nalo liko kivulini, na chini ya majani mawimbi hayapiti, mtaona mchelemchele badala ya picha. Mkitaka picha, mtaoka juani pamoja na mapazia yako.

Nunueni la miguu mitatu. Gari linakaa kivulini, dishi linakaa juani, katikati waya mrefu. Kila mguu ufungieni mfuko wa mchanga ili upepo usilichezeshe, na mkienda kulala mliingize ndani. Na neno kulia na kushoto mlipige marufuku humo garini, ndilo limewafanya mchekwe na mtaa. Ninyi ni watu wa basi, semeni "upande wa dereva" na "upande wa mlango." Hapo hakuna kwangu wala kwako, hata ukiwa umempa mgongo.

Jumapili usimwachie yeye aongee, hataweza, na usimtume shemeji, ameshapima viti. Simama wewe. Sema la miguu mitatu, sema mnaondoka Jumatatu, halafu mnyooshee wifi mkono wazi mpaka atie funguo. Akiuliza mbona mmechukua la kusumbuka, mwambie ndilo linalohitaji watu wawili. Atakuelewa, wanawake wanaopanga misiba ya watu wanaelewa upesi mambo hayo. Shemeji naye mwambie ile kamba yake aiache, itafaa kuanikia nguo.

Umeniuliza ni la nani limeyumba. Hakuna. Lakini bado hujaniuliza jambo lenyewe, umelipitisha haraka katikati ya barua ukaliita kisirani, ukaliita jambo dogo, ukasema hujui kwa nini unaliandika. Mimi najua, na wewe unajua. Picha imekuja, vifungo vya koti unavihesabu, na ukasema bado kwa sababu ukisema imekuja atashuka, mtakaa, mtanyamaza. Ulitaka aendelee kuuliza. Usione haya, mwanangu, ungekuwa na ubaya ungekuwa umesema imekuja na kufunga mlango.

Ila nikuambie kitu ambacho wewe na upepo wako mmeshindwa kukiona. Kile kipimo kinamtoa jirani jikoni kwenda kuepua birika. Wewe ulikuwa ndani ya basi, mapazia yamefungwa, televisheni inaongea, na uliusikia ule mluzi. Mume wako, anayesikia beringi ya gari la watu akiwa na sabuni masikioni, alikuwa amekishika mkononi.

Aliusikia. Akakuuliza tena.

Shangazi